Yeye Anauza, Mimi Nawaza

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, ila kabla ya kunisaidia nakuomba usicheke, na kama huwezi kujizuia basi cheka ukishamaliza kusoma, maana waliokwisha kunicheka wanatosha kujaza uwanja, na kweli uwanja ulijaa.

Mimi ni mchora mabango. Ukiona ukuta wa duka una herufi zenye kivuli, nyekundu juu ya njano, ukasimama kuutazama mpaka ukasahau ulikokuwa unakwenda, jua huo ni mkono wangu. Shule niliiacha njiani, au yenyewe ndiyo iliniacha, tusibishane, lakini herufi zote ninazo na nazichora vizuri kuliko mwalimu aliyenifundisha. Wenye wivu watakuambia nilimwandikia kinyozi mmoja KINYOZI WA KISASI badala ya kisasa, na ni kweli, lakini hawatakuambia kwamba wateja waliongezeka, maana mtu akisoma vile lazima achungulie ajue nani ananyolewa kwa kosa gani.

Sasa nina mchumba. Ni fundi cherehani, chumba chake cha kushonea kiko mbele ya nyumba yao, na uani baba yake anatengeneza baiskeli. Huyu binti si wa mchezo, mshauri, walimtaka wenye magari na wenye miwani, mimi nikawapita wote na ndoo yangu ya rangi, na silaha yangu ilikuwa wimbo mmoja tu. Ni wimbo wa Nyuzi Sita, yule mwimbaji mpiga gita ninayempenda kuliko hata baadhi ya ndugu zangu, aliouimba wakati bado yuko na bendi. Ulirekodiwa zamani, ngoma zimekaa mbele, tarumbeta zimekaa juu ya ngoma, na sauti yake imebanwa huko nyuma kama mtu anayeimba ndani ya kabati, wengine walikuwa hawashiki hata neno, lakini mimi shabiki wa kweli nilikuwa nasikia kila kitu. Kiitikio kinasema, "Nakuwaza, kipenzi, nakuwaza."

Basi nikitoka kazini nilikuwa nakaa kwenye kigoda kando ya cherehani yake, naimba, halafu namfafanulia, maana mashairi bila mfafanuzi ni kama rangi bila brashi. Pale panaposema jirani kakutazama, karudi amelegea, nikamwambia ndio uzuri wako huo, unaulegeza mtaa mzima. Panaposema kila Jumamosi nilikupaka mafuta, nikamwambia nikikuoa hutagusa chupa ya mafuta kwa mkono wako. Panaposema misumari ya njiani ilikutoboa, nikakuziba, tukaendelea, nikamwambia misumari ni maneno ya mahasidi. Akaniuliza, pini zikiwa mdomoni, sasa kuziba ni nini. Nikamwambia kuziba kwa lugha ya wasanii ni kufariji. Akainamia kitambaa, mabega yakimtikisika, nikajua nimemliza, nikajisifu kimoyomoyo. Hata baba yake uani alishikwa na kikohozi, na huyo mzee kila nikiimba kifua kinambana, nadhani ni vumbi la matairi.

Akanikubali. Siku hiyohiyo akaniomba nimchoree jina la duka juu ya mlango. Nikamuuliza niandike nini.

"Andika lile neno la wimbo wako," akasema, "kama unavyolisikia wewe."

Nikamchorea NAKUWAZA, ua kila upande, na ile A ya mwisho nikaipa mkia. Watu wanapita wanalisoma. Harusi ni mwezi ujao, na shangazi yake ameshawafundisha kina mama wote wa familia wimbo huo, eti ndio watakaouimba baba mtu akimwingiza binti yake ukumbini.

Hapo ndipo nikasikia Nyuzi Sita ameachana na bendi na anakuja kwenye tamasha peke yake, yeye na gita na kiti. Nilinung'unika sana, nikasema mtu mmoja ataujazaje uwanja, ngoma ziko wapi, tarumbeta ziko wapi. Mchumba wangu alikuwa anamalizia gauni lake la harusi, hakuweza kuja, akaniagiza niurekodi wimbo wetu kwa simu, mwanzo mpaka mwisho, na kama atasema maneno kabla ya kuimba nisiyakate. Nikaapa.

Mimi sikuingia kama wengine, mshauri. Bango la lango la tamasha nililichora mimi, kwa hiyo niliingia mchana kweupe na ngazi yangu begani, walinzi wakidhani bado nina kazi, nikaifungua katikati ya watu na kupanda juu kabisa, rafiki yangu muuza viatu akaishikilia chini, nikawa namwona Nyuzi Sita kuliko hata waliokaa mbele.

Nikwambie ukweli, nilinung'unika bure. Alipogusa uzi wa kwanza watu walinyamaza mpaka nikasikia kiti chake kikilia. Unasikia kidole kinateleza juu ya uzi, unamsikia mwenyewe anavuta pumzi kabla ya neno, na nikatambua miaka yote ile nilikuwa nasikiliza kelele za wenzake, yeye sikuwahi kumsikia. Nililia kidogo, ila jua lilikuwa kali na jasho likanisitiri.

Halafu akaukaribia wimbo wetu. Simu tayari inarekodi. Akasema huu aliutunga kwa ajili ya baiskeli yake, siku alipoiuza. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikamwambia muuza viatu huko chini kwamba wasanii wana utani wao, wewe usiyemjua huwezi kuuelewa. Akaanza. Mimi kule juu nikafumba macho, nikapaza sauti niwaongoze wasiojua, "Nakuwaza, kipenzi, nakuwaza," na nilipofumbua nikaona vichwa vyote vimenigeukia mimi, na gita limenyamaza.

"Kijana wa kwenye ngazi," Nyuzi Sita akasema, taratibu kabisa, "mimi nauza, wewe unawaza. Tushike lipi?"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Ngazi ikatikisika, na si kwa upepo, ni muuza viatu aliyekuwa anacheka huku ameishikilia. Wimbo ukaanza upya, na safari hii kila neno likawa linaniingia kama sindano. "Nakuuza, kipenzi, nakuuza." Si jirani kakutazama, mshauri, ni jirani kakuazima, kakurudisha umelegea. Mafuta ni ya mnyororo. Misumari ni misumari. Na kuziba ni kuziba, kwa gundi na kiraka. Nilishuka kidaraja kimoja kwa kila ubeti, na mwisho wa wimbo nilikuwa nimechuchumaa chini kabisa, sitaki kuonekana, ndipo nikamsikia kwenye kiitikio cha mwisho akibadilisha neno, anaimba "nakuwaza, nakuwaza," polepole, mpaka gita likaisha. Alinimaliza kabisa. Mtu unampenda namna hii, anakukejeli mbele ya uwanja.

Na yote hayo yamo kwenye simu, sauti yangu inasikika kuliko gita.

Nilipofika kwa mchumba akanyoosha mkono. Nikamwambia simu ilitumbukia kwenye ndoo ya rangi, haikurekodi kitu. Akaigeuzageuza, akauliza ni rangi gani hiyo isiyoacha alama. Nikasema ni ya bei mbaya. Tangu hapo haniombi kuimba, na juzi nimekuta kigoda changu kimepelekwa uani, baba yake amekikalia anajaza upepo.

Mshauri, huyu ni binti wa fundi baiskeli. Akijua kwamba mtu aliyemposa alimwimbia wimbo wa baiskeli, si atasema nimeidhihaki kazi iliyomlea? Na baba mtu aingie ukumbini amemshika mkono binti yake, kina mama wanaimba, halafu atokee mjuaji mmoja mlangoni awasahihishe waseme "nakuuza", mimi nitapita dirisha gani? Muuza viatu ameanza kunipigia mdomo kila tukikutana, kiring kiring, kama kengele ya baiskeli, na huyo hana siri. Nifute ile rekodi? Nipake rangi juu ya lile bango niandike jina jingine? Au nimtafute Nyuzi Sita nimwombe abadilishe wimbo, maana mimi nikiongea na mtu huwa hakatai?

Ni mimi, fundi wa herufi, kijana mtanashati, ila kwa sasa sina raha.

JIBU

Mchora mabango, marahaba. Uliniruhusu nicheke nikimaliza, lakini mimi nilianzia kwa kinyozi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nilikuwa natafuta nukta. Ya pili nikaona jambo ambalo wewe umeliandika kwa mkono wako na bado hujalisoma. Unasema msichana huyu amelelewa kwenye ua wa gundi na viraka. Kisha unakaa kwenye kigoda kando yake unamfundisha kwamba kuziba maana yake ni kufariji. Mwanangu, yule hakuwa analia. Na baba mkwe wako hana ugonjwa wa kifua.

Walijua. Mtu aliyekulia kwenye baiskeli hapitwi na mnyororo, misumari na mafuta ya Jumamosi, hata ngoma zipigwe juu ya kichwa chake. Binti alikusikiliza ukijimwaga, akauma pini zake asikuaibishe, na bado akakupenda. Rudi kwenye maneno yake. Hakukuambia uandike neno kama linavyoimbwa, alisema kama unavyolisikia wewe. Mwanamke mwenye akili na biashara yake ameliweka kosa lako juu ya mlango wake mchana kutwa, kila mteja alione, na wewe unakuja kuniuliza kama atakuacha akiligundua. Kuna watu huposwa wasijue wameposwa.

Ulipokwenda kwenye tamasha alikuagiza usikate maneno ya kabla ya wimbo. Unadhani aliyataka ya nini? Alitaka uyasikie wewe, kwa mwimbaji unayemwamini kuliko baadhi ya ndugu zako, urudi mbio mcheke pamoja. Alikungoja hapo na gauni mapajani. Wewe ukarudi na ndoo ya rangi isiyoacha alama.

Kwa hiyo tuelewane. Kigoda hakikwenda uani kwa sababu ya baiskeli. Kimekwenda kwa sababu ya uongo. Masikio mabovu anaweza kuishi nayo, ameshazoea, pengine ndiyo yaliyomvutia. Lakini mtu anayemtazama usoni akamdanganya ili abaki mjuzi, huyo anamtia shaka, na ana haki. Hofu yako eti umeidhihaki kazi ya baba yake ni kujipa ukubwa. Wewe hukumdhihaki mtu, ulikuwa hujui, na kutojua si tusi mpaka utakapoanza kuficha.

Na Nyuzi Sita umemkosea pia. Mpiga gita aliyesimamisha wimbo wake kwa ajili yako hakuwa na haja ya kukukejeli mara ya pili. Mtu akikiuza kitu alichokipenda, kesho yake anafanya nini? Anakiwaza. Aliuimba wimbo ule miaka yote ameishia kwenye kuuza, mpaka kijana mmoja akampigia kelele kutoka juu ya ngazi. Usianze kujivuna. Neno zuri umelipata kwa kukosea, lakini umelipata.

Sasa fanya hivi, na ufanye leo. Pitia uani kwanza, msalimie mzee kwa heshima, mwombe kigoda chako ukirudishe mahali pake kando ya cherehani. Kaa. Mwambie mchumba wako simu haikutumbukia popote. Mpe aisikilize yote, na sehemu ya ngazi usiiruke. Kisha fumba mdomo. Nakujua unatamani kufafanua, usifafanue hata neno moja. Akicheka, mwache acheke mpaka aridhike. Akikasirika, mwombe radhi kwa ule uongo tu, kwa baiskeli hakuna anayekudai.

Bango usiliguse. Nyuzi Sita mwache na wimbo wake. Kina mama nao waimbe walivyofundishwa na shangazi, na ule ubeti wa jirani ubaki jinsi ulivyousikia wewe, maana wenyewe hasa, wa kuazimwa na kurudishwa, haufai kabisa mbele ya bibi harusi. Huyo muuza viatu mpe kazi ya kupokea wageni, akiwa na shughuli hatapata nafasi ya kupiga mdomo.

Na siku yenyewe, wimbo ukifika kwenye kiitikio na ukasikia kengele ya baiskeli inalia mlangoni, usigeuke kumtafuta muuza viatu. Mtazame baba mkwe.