Kiingereza Changu cha Kaunta

Nyumba ya zamani, chumba cha nyuma,
Jumapili, mvua imekatika sasa hivi.

Mpendwa mwanangu, binti wa mdogo wangu,

Anayekuandikia ni Baba Mkubwa wako, mwenye miaka themanini na minne na meno karibu yote. Nimeishi miaka mingi kuliko pasi za mkaa, kuliko duka letu la udobi na mwenye duka lake, na yule daktari aliyeniambia niache chumvi, nimekwenda kumzika. Baba yako naye nimemzika, na hilo sikulitaka. Yeye ndiye mdogo, zamu ilikuwa yangu.

Hujambo? Bwana hajambo, na watoto? Baridi ya huko imepungua? Sisi hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi halinisikilizi. Mama Mkubwa wako anasema sweta ulilomletea sasa linamtosha kwa kuwa amekonda. Mimi naona sweta ndilo lililotanuka.

Sasa nikuambie kilichonikalisha na kalamu. Mwezi uliopita uliniambia kwenye simu, "Baba Mkubwa, naomba usimpigie Mama tena Jumapili. Ukimaliza kuongea naye anashinda analia." Nikakata simu. Mke wangu akasema nimenuna kama mtoto aliyenyimwa sukari. Sikununa. Nilikuwa nafikiri, na mimi nikifikiri uso wangu unakaa hivyo.

Wewe unajua shule niliionja tu, baba akanitoa. Kiingereza nilikiokota kaunta. Kulikuwa na wen, yaani nguo unazitaka lini. Wea, yaani unakaa wapi tukuletee. Hau, yaani wanga wa kukazia nguo tuutie vipi, mwingi au kidogo. Na wai, yaani kwa nini shati la mtu mzima lina wino mgongoni. Kwa maneno hayo niliendesha kaunta miaka yote, na hakuna mteja aliyepotelewa na soksi.

Na ni kwa maneno hayohayo mama yako aliingia kwenye ukoo huu. Alikuwa mpiga taipu wa ofisi ya ng'ambo ya barabara, mgeni, Kiswahili hana. Alikuja na blauzi zake amezifunga kwenye gazeti. Baba yako alikuwa nyuma anapiga pasi, akamwona katikati ya mashuka yaliyoanikwa, na pasi ikasimama palepale mpaka nikasikia harufu. Kiingereza hakuwa nacho hata cha kuombea maji. Akawa ananong'ona, "Kaka, muulize anakaa wapi." Nikauliza. "Kaka, muulize atarudi lini." Nikauliza. "Muulize kwa nini hacheki." Nilipouliza hilo, akacheka. Basi mtu asikudanganye kuhusu aliyemposa mama yako. Ni mimi. Baba yako alikuwa nyuma ya mashuka.

Kile chumba bado nakiona, mwanangu. Mvuke ulikuwa mzito hata kalenda ukutani ilijikunja, na ubao wa kaunta ulikuwa umelika pale ninapoegemeza viwiko. Alasiri jua lilipita dirisha la nyuma, mashuka yote yakawa na rangi ya maziwa, na wao wawili wamekaa juu ya bunda la nguo za hoteli, hawaelewani hata neno, wanachekeana tu. Mimi nilikuwa nakunja nguo na kujifanya sioni. Siku hizi pale pana duka la simu. Nilipita nikasimama mlangoni, kijana akaniuliza nataka chaji gani.

Kwa hiyo nilipompigia mama yako nilitumia nilichonacho. Uko wapi hapo ulipo? Utakuja lini? Mguu vipi? Kwa nini umenyamaza? Nilidhani nachangamsha mazungumzo.

Nilikwenda kushtaki kwa nesi mstaafu anayepanga chumba cha juu, mwanamke mkali. Nilimweleza jinsi mwanangu alivyonionea. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee, wewe humsalimii shemeji yako, unamhoji. Mtu kumbukumbu zinamtoka, na kila unachomuuliza kinamwonyesha kwamba hana jibu. Mwambie wewe." Nikamwambia Kiingereza cha kuambia sina, nilipewa cha kuulizia tu. Akasema, "Unacho. Ni hichohicho."

Nilibisha, unanijua. Lakini sikiliza, maana nawe umekisema tangu utotoni bila kukitazama. Sisi tukiuliza tunasema "ulikuja lini", na tukisimulia tunasema "ulipokuja", lile neno la kuuliza tunaliacha. Waingereza hawaliachi. Wen ileile, ukiitangulizia "nakumbuka", haiulizi tena, inashika ile siku uliyokuja. Wea ukiitangulizia "najua", ni mahali penyewe ulipokaa. Hata wai na hau ni hivyo. Nikamwambia nesi kwamba mwenye duka hakunifundisha hivyo, na mwenye duka alikuwa msomi. Akasema mwenye duka alikuwa anauza wanga.

Nikafanya mazoezi nikiosha vyombo. Mke wangu sasa naye anasema "ai rimemba", yaani nakumbuka, akitafuta miwani.

Alhamisi, ukiwa kazini, nilipiga. Yule mama anayemtunza ndiye aliyepokea. Ndiyo, ulinikataza. Nilikusikia, na nikapiga. Nikamwambia mama yako, ai rimemba wen yu kam, nakumbuka ulipokuja na mvua kichwani. Ai no wea yu sit, najua ulipokaa, juu ya bunda, chini ya dirisha. Najua kwa nini mume wako aliunguza shuka. Najua jinsi unavyopenda kola, ngumu kama ubao. Sikumuuliza kitu.

Akasema polepole, "Bwana Wanga."

Ndivyo alivyokuwa akiniita, na hiyo ilikuwa karibu nusu ya Kiswahili chake chote. Tangu msiba wa baba yako sikuwa nimelisikia jina hilo. Halafu akaniambia kwamba mimi ndiye niliyeunguza kola ya blauzi yake ya buluu. Mwanangu, ile kola iliunguzwa na baba yako. Nimesema hivyo miaka yote na Alhamisi nilisema tena. Akacheka mpaka mtunzaji akachukua simu akidhani amepaliwa. Hakulia. Kama kuna aliyelia ni wa upande huu, na si lazima ijulikane.

Kwa hiyo nakuomba, nirudishie Jumapili yangu. Ninayo mengi ya kumwambia, na waliokuwepo tumebaki yeye na mimi, na yeye hawezi kuyafikia peke yake. Nikiondoka mimi, yatakuwa yamekwenda yote. Hata lako limo. Ulipozaliwa ulipimwa kwenye mizani ya duka, umefungwa ndani ya foronya safi, na baba yako akaandika uzito wako ubaoni kati ya mataulo na vitambaa vya meza. Najua hukuwahi kuambiwa.

Nisalimie mume wako, na watoto, na umshike mkono kwa niaba yangu yule mama mtunzaji. Mungu akupe subira na mama yako, na usingizi wa kutosha, na akulipe kwa kila shuka unalombadilishia.

Ni mimi nikupendaye hata ukinikataza,
Baba Mkubwa wako.

Ukiona nimejisifu, mashahidi ninao. Nesi wa juu alikuwa kwenye ngazi anasikiliza, ingawa atasema alikuwa anafagia. Mke wangu alikuwa ameketi kando yangu. Yule mama mtunzaji ndiye aliyeshika simu. Mama yako naye alikuwepo, lakini yeye usimuulize. Mwambie tu kwamba nakumbuka alipokuja.