Pipa Nililolimwaga Timbwani

Timbwani, Likoni

Mama yangu mpenzi,

Basi ndiyo, Mama, ni wadudu. Simu ilikatika ukiuliza, "Mumeo anafuga nini hasa?" na nadhani mpaka leo Baba anaamini nimeolewa na mfuga kuku mwenye haya. Shikamoo, na yeye umpe shikamoo yake. Goti lako vipi? Mimi mzima, nina furaha hata naona aibu kuiandika. Nimechagua barua kwa sababu simu yako ikilia hapo nyumbani husikilizwa na ukumbi mzima, na haya mengine ni ya sikio lako.

Omari anafuga vijikamba. Kimoja ni kama chembe ya sukari, lakini chembe yenye uhai, inayorukaruka majini. Huvipeleka kwenye yale matanki ya vioo ya maji ya chumvi ambayo mahoteli huwekea samaki wa mapambo. Humo vinakula ukoga na mabaki, tanki likabaki safi, na samaki nao wanavila. Kuna samaki mmoja wa buluu na rangi ya chungwa, mdogo kama kidole gumba, ambaye chakula kilichokufa hakigusi. Atakonda mpaka afe. Omari akinisimulia habari zake macho yanamng'aa, nami namtazama yeye nikasahau samaki.

Lakini hayo nimeyajua baadaye. Alipokuja kuposa alisema anafuga chakula cha samaki, nikawaza magunia. Kisha siku saba za fungate mavyaa, mamake Omari, hakuniruhusu kushika hata ufagio. Nikakaa ndani nasingwa liwa mwilini ninukie, ua wa nyuma sikuuona. Siku ya nane nikaamka mikono inaniwasha kwa hamu ya kazi. Omari ametoka. Nafika uani, naona mapipa mawili matupu na la tatu limejaa maji ya kijani. Nachungulia, vitu vinachezacheza. Sisi watu wa mto Tana unatujua, Mama. Umenilea ukinambia maji yanayochezacheza ni mbu, na mbu ni homa. Sikumuuliza mtu. Nikalipindua, nikalisugua kwa sabuni mpaka likanukia.

Omari aliporudi hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige.

"Kipenzi, maji ya humu yako wapi?"

"Nimeyamwaga. Yalikuwa na viluwiluwi."

Akakaa kizingitini. Ndipo akanieleza kwamba pipa lile ndilo lilikuwa na mbegu, yaani vijikamba vya kuzalishia wengine, na yale mawili alikuwa ameyamwaga ayaoshe. Mtu aliyempa mbegu ameshaacha kazi hii, hana hata kimoja. Na Alhamisi kuna hoteli ilikuwa ikimngoja kwa ajili ya samaki wapya walioanza kukonda. Bila mbegu, kazi aliyoijenga tangu amalize shule ilikuwa imekwenda na povu langu. Nikajiona narudishwa kwenu Garsen na sanduku langu, mke wa siku nane. Nililia, Mama, kilio cha msiba.

Mavyaa akaita kutoka chumbani kwake, "Omari! Nani kafa?"

"Vijikamba, mama. Vyote."

"Vile vya kwenye pipa?"

"Hivyo hivyo."

Akaguna. Kisha akasema, "Njooni. Wala usinitolee macho, mimi ndiye niliyekuzaa."

Tukamkuta amekaa kitandani, miguu yote miwili imo ndani ya beseni la maji ya kijani! Kumbe huyachota pipani kwa siri, kwa ajili ya visigino vyake vilivyopasuka.

"Sasa nishuke ufukweni na miguu hii kutafuta maji ya chumvi?"

"Haya ni ya lini, mama?"

"Ya juzi."

Omari akapiga magoti, akamulika kwa simu. Vinarukaruka, Mama! Katikati ya vidole vya mavyaa!

"Toa mguu, mama. Polepole."

"Ndiyo maana yakinitekenya! Nami nikidhani damu inatembea. Hebu tazama kisigino, kama cha bi arusi."

Tulicheka mpaka nikakaa sakafuni. Omari akanishika mkono mbele ya mamake, wallahi mbele ya mamake, akasema, "Hayo machozi yako yaliniogopesha kuliko pipa."

"Shikeni beseni kwanza," akasema mavyaa.

Alhamisi hoteli ilipata kikombe kimoja, na wale samaki wakala. Vilivyobaki vinazaana, alhamdulillahi, na mimi ndiye ninayevilisha kila asubuhi. Mavyaa sasa ana beseni lake la halali. Nami kila nikilipita lile pipa moyo unashuka taratibu, kama mtu aliyetua mzigo.

Msalimie dada yangu Mwanaidi aliyenishonea leso za harusi, na bibi mzaa Baba, umwambie mume wangu anakula vizuri. Mjomba Dawa, aliyenisindikiza mpaka huku, mwambie sijarudishwa.

Omari anasema pipa likikolea tutaigawa mbegu mafungu mawili, moja likiharibika jingine libaki, tupate siku nne za kuondoka. Mavyaa atalinda, na ameapa hatatia hata kidole. Basi tandika kile chumba cha mbele, Mama. Kabla mwezi huu haujaisha, inshallah, utatuona mlangoni, umtazame mwenyewe, useme kama nimezidisha kumsifu.

Bintiyo,
Hadija