Pua ya Fundi

6 Machi

Mwanangu Kidole,

Salamu nyingi kutoka kwa baba yako. Natumaini u mzima, unakula vizuri, na mgongo umeacha kukusumbua tangu wakubadilishie kitanda huko bwenini. Mimi sijambo. Yale mafua makali yameondoka na nimerudi kazini, ingawa chakula bado hakina ladha hata nikimwaga chumvi bila huruma. Masikio ni yale yale. Maisha ya kukaa na kichwa ndani ya injini yameyamaliza, kwa hiyo usijisumbue kuninunulia simu nyingine. Ile ya kwanza ilitumbukia majini nilipoinama gatini, na sikuililia. Barua inanitosha, na dereva wa lori la vipuri anayezibeba hajawahi kuniangusha.

Sasa nina kesi, nataka uniamulie. Daktari wa meno amenunua boti ya kutembeza familia yake Jumapili. Ni nzuri lakini ya zamani, injini yake iko ndani, katikati, chini ya kifuniko. Injini yenyewe imechoka. Daktari ananiuliza tuifufue, au tuitoe, tuzibe tundu la shafti na kupachika injini ya nje kule nyuma, kama mnavyofanya huko kwenu. Nakwambia wazi, moyo wangu uko kwenye ya ndani. Uzito unakaa katikati, boti inatulia kama mtu aliyeshiba, na nyuma kunabaki wazi watoto wapande na kushuka wakiogelea. Hizo zenu za kuning'inia zinanikumbusha mtu aliyeingia sebuleni na mkoba bado mgongoni. Lakini wewe ndiye fundi wa gati kubwa siku hizi, hebu sema.

Mengine ni ya kawaida. Juzi niliunguza sufuria mpaka jirani yangu muuza vyuma akaja mbio kuvunja mlango, akidhani nyumba inaungua. Mimi nilikuwa hapo hapo mezani, nimeligeuzia jiko mgongo, nasafisha kabureta. Alinicheka mpaka akakaa chini.

Ni mimi,
Baba yako

17 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo umepona, ninakula, usinifikirie. Huku kazi ni nyingi kwa sababu msimu umeanza, kila mwenye boti amekumbuka kwamba ana boti.

Kuhusu kesi yako, nitakukera. Mwambie Daktari apachike ya nje. Ikiharibika mnaifungua na kuibeba mpaka karakana, hamna haja ya kuvuta boti nzima. Akimaliza safari anaiinua juu ya maji, anaisuuza kwa maji safi, basi. Ya ndani ina shafti ya kuangalia isivujishe, bomba la kutolea moshi linalooza kimyakimya, na kila boliti iko mahali ambapo mkono haufiki. Ndiyo maana uliniita Kidole, umesahau? Ulikuwa unaniingiza humo kama bisibisi.

Lakini jambo kubwa ni petroli. Injini ya nje ikivuja, inavuja nje, upepo unachukua. Ya ndani ikivuja, mvuke unashuka uvunguni mwa boti na kulala pale, hauonekani, unangoja mtu awashe. Haya nakusimulia wewe, wakati wewe ndiye uliyenifundisha. Nakumbuka ulivyokuwa unafanya. Unafungua kifuniko, unapiga magoti, unaingiza kichwa, unavuta pumzi, halafu unainua dole gumba. Gati zima lilikuwa linanyamaza likingoja hilo dole gumba lako.

Baba, sufuria inaungua nyuma yako na wewe hukusikia harufu. Chakula hakina ladha. Nakuomba ufanye kitu kimoja. Fungua dumu la petroli, linuse, uniambie kweli.

Mwanao,
Kidole

29 Machi

Mwanangu Kidole,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Mimi mwili ni mzima.

Nilicheka uliponipa mtihani wa kunusa dumu. Halafu nikaufanya. Nilifungua, nikainama, nikadhani kuna mtu amenichezea na kujaza maji. Nikamwaga kidogo kiganjani, kiganja kikapata ubaridi upesi kama petroli inavyofanya, ndipo nikajua. Pua haikuniambia lolote.

Sijamwambia mtu, na wewe usimwambie mtu. Fundi kiziwi watu wanamvumilia, wanamwonyesha kwa mikono na maisha yanaendelea. Fundi asiyenusa nani atampa boti yake? Nikiacha kazi hii nitakuwa nani, yule mzee wa kibarazani anayeangalia magari yakipita? Naogopa, mwanangu. Sina aibu kukwambia.

Na si kazi tu. Baada ya lile dumu nilikwenda kabatini, nikatoa sweta la mama yako, lile la kijivu ambalo sijalifua tangu tumzike. Unajua huwa nalitoa mara moja moja. Nilizamisha uso humo, nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Nilipata sufu ikinikwaruza uso, basi, kama sweta la dukani. Sijui kama yeye ameisha humo au ni mimi niliyeisha. Nilikaa kitandani nikashindwa hata kuvua viatu.

Daktari amesikia ushauri wangu, tunabaki na injini ya ndani. Usinune. Nimeshaifungua yote, nimebadilisha mipira ya mafuta, plagi, kila kitu. Jumapili ya mwisho ya Aprili tunaishusha majini, familia yake yote ndani, na mimi kwenye ufunguo. Mikono yangu bado inaijua kazi hata kama pua imenisaliti.

Baba yako

8 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nisamehe, leo sina salamu ndefu. Nimelilia sweta, halafu nikaifikiria Jumapili hiyo, nikachukua kalamu.

Kuna jambo nilikuficha ili usiogope kwa ajili yangu. Msimu uliopita, hapa kwenye pampu, fundi mwenzangu alijaza petroli boti yenye injini ya ndani. Alikuwa na haraka, hakufungua kifuniko, akageuza ufunguo. Baba, kifuniko kilipaa juu kuliko paa la ofisi. Tulimtoa majini akiwa anaongea. Aliniuliza kama viatu vyake vimepona. Alifariki hospitalini kabla mke wake hajafika. Huyo alikuwa na pua nzima, ila hakuitumia siku hiyo. Wewe utafanya nini na pua ambayo haipo?

Nampa dereva feni ya kutolea hewa. Ifunge, bomba lake lifike chini kabisa uvunguni, uiache izunguke mpaka uchoke kungoja ndipo uguse ufunguo. Halafu mtu mwingine anuse. Si wewe. Mtu mwingine.

Niliomba ruhusa nije. Msimamizi amesema nikiondoka katikati ya msimu nisirudi, na barua yangu ya kazi ataichana. Nilimsihi mbele ya watu mpaka nikajidharau. Kwa hiyo sina mkono wa kukushika, nina karatasi hii tu. Mwambie Daktari ukweli. Ukiona aibu, nitupie mimi lawama, sema binti yako ni mjuaji na amekataa. Sema lolote. Lakini usiwawashie watu ile injini.

Nakuomba nikiwa nimepiga magoti.

Mwanao,
Kidole

30 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo, na natumaini yupo wa kuipokea.

Safari iliyopita dereva alikukabidhi feni mkononi, ukamwambia jibu utatoa baadaye. Safari hii amekuta karakana ina kufuli, nyumbani mlango umefungwa, na muuza vyuma hakuwepo. Gatini aliulizia, mlinzi mpya akasema kulikuwa na vurugu Jumapili, watu walikimbia kutoka kwenye boti, yeye alikuwa upande wa pili hakuona zaidi.

Watu walikimbia. Nimelirudia neno hilo siku nzima nikifunga boliti, na boliti zote nimezifunga vibaya. Simu ya muuza vyuma haipatikani. Ya kliniki ya Daktari inaita mpaka inakata. Nimeshindwa kula, nimeshindwa hata kulia vizuri.

Niandikie neno moja. Hata kama umenikasirikia, andika kwamba umenikasirikia.

Kidole wako

4 Mei

Mwanangu,

Mimi ni mzima. Naanza na hilo maana najua una roho juu, na kosa ni langu. Dereva alipogonga nilikuwa ndani nimelala mchana. Sikusikia, na hata ningesikia sidhani kama ningefungua.

Ilikuwa hivi. Feni yako sikuifunga. Niliiweka rafuni, kwa kiburi tu, nikasema nimefanya kazi bila feni tangu hujazaliwa. Jumapili ikafika. Daktari, mke wake, mama yake mzee na watoto wote wamepanda, wamevaa vizuri, na gatini watu wamejaa kutazama. Nikafungua kifuniko. Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa, nikavuta pumzi. Nikainua dole gumba.

Sikudanganya kwa makusudi, Kidole, naapa. Mwili ulifanya wenyewe. Watu wakapiga makofi, nikafunga kifuniko, nikashika ufunguo. Ndipo nikamwona mke wa Daktari akivuta ukingo wa mtandio wake na kuziba pua. Wengine walimwona wakadhani ndivyo boti zinavyonuka. Mimi nilielewa. Vidole vilikataa kuachia ufunguo, ikabidi nivitoe kwa mkono wa pili.

Nikasema, nadhani kwa sauti kubwa mno, maana siku hizi sauti yangu mwenyewe siisikii, "Shukeni wote. Mimi sinusi. Pua yangu imekufa."

Walishuka mbio, bibi akabebwa. Klipu moja ya mpira wa mafuta, niliyoifunga kwa mikono hii ninayoisifia, ilikuwa imelegea. Chini kulikuwa kumelowa. Daktari hakunigombeza. Alinishika bega, akasema kitu sikukisikia, na sikumwomba arudie. Wiki hiyo hiyo akaivuta boti kwa fundi mwingine akapachikiwe injini ya nje. Ulisema kweli tangu mwanzo. Wenye boti wengine nao wamekuja mmoja mmoja, kwa adabu, kuchukua zao. Nimefunga karakana.

Nimebaki na tangi tu la boti ile. Daktari kaniachia, kwa sababu injini ya nje imekuja na tangi lake. Nimelileta chumbani, ubavuni mwa kabati, maana kule karakana wahuni wameanza kuchezea kufuli. Usitie shaka, nimelimimina lote na kulinusa, halina kitu. Baridi imeanza, kwa hiyo nimefunga madirisha, na jiko dogo la mafuta ya taa nitalihamishia humo humo nikilipatia utambi mpya. Jikoni siendi tena. Kusema kweli siendi popote.

Sasa nakuomba, na usinicheke. Nimekufungia sweta la mama yako. Linuse kwa niaba yangu. Kama bado yumo, niandikie. Kama hayumo, niandikie pia, nijue moja. Nikijua kwamba yumo nitaweza kuamka asubuhi.

Baba yako

13 Mei

Baba,

Usiwashe jiko. Usiwashe kiberiti. Soma hilo kwanza, na kama umesimama ndani ya nyumba, toka nje ndipo uendelee kusoma.

Dereva amenipa furushi asubuhi hii. Nilipolifungua tu, msichana wa kitanda cha pili akauliza nani ameleta petroli chumbani. Nilimkimbilia dereva nikamkaba, nikidhani amelibeba sweta pamoja na madumu. Ameapa kwamba lilikaa naye kiti cha mbele safari yote, ndani ya mfuko wako wa nailoni, fundo ni lile lile ulilofunga wewe. Hiyo harufu haikupatikana njiani, Baba. Imetoka kabatini. Imetoka chumbani kwako, unapolala.

Nikarudi kusoma barua yako. Umeandika kwamba umelinusa tangi. Umelinusa na nini, Baba yangu? Na hata ungelimimina namna gani, wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba tangi lililomiminwa ndilo baya kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke. Ulinichapa kofi nilipotaka kulikalia moja. Umelisahau kwa sababu umevunjika moyo, na hilo nalielewa, lakini usinifie kwa kuvunjika moyo.

Nimepiga simu zote, hakuna anayepokea. Kliniki nimewaachia ujumbe. Barua hii nampa kondakta wa basi linaloondoka sasa hivi. Limejaa hadi mlangoni, nimeomba nisimame, nimeomba nikae juu ya mizigo, wamekataa. Kondakta ameahidi kukufikia. Nimemwambia asibishe hodi, aingie akushike bega. Mimi nakuja na lori alfajiri. Ovaroli nimeikunja nikamwekea msimamizi mezani, na hiyo barua ya kazi aichane akipenda.

Nikifika tutafungua karakana. Wewe utakuwa na mikono na mimi nitanusa, na dole gumba utainua mimi nikishasema. Wenye boti tutawaambia wazi, anayetaka aje.

Na sweta nimelinusa, kama ulivyoniomba. Nililianika dirishani kwanza, halafu nikazamisha uso ndani ya ukosi, pale alipokuwa anashonea kifungo kila mwaka. Petroli ni nyingi. Lakini chini yake, Baba, yumo. Ni yeye kabisa, ile sabuni yake na lile jasho lake la kutoka sokoni. Nililia kwa sauti.

Yumo. Kwa hiyo fungua madirisha, acha mlango wazi, na ukae nje mpaka nifike.

Mwanao,
Kidole