Baba, Kondo Walikuwa Wawili

Baba yangu Mzee Shomari,

Shikamoo. Tangu tulipokuzika Pugu nimezoea kujiitikia marahaba mwenyewe moyoni kwa niaba yako, ila leo sijiitikii. Sijaja kwa wema. Barua hii nimemwambia Mwanaidi, yule mwalimu, mtoto wa dada Zuhura, aiweke kwenye kundi la ukoo kwenye simu waisome wote. Ulinidanganya mbele za watu, na mie nakujibu mbele za watu.

Mwanao unanijua. Fundi bomba, shule niliishia la sita, lakini hakuna injinia wa Goba nzima ambaye hajawahi kunipigia simu maji yakigoma kupanda kilima. Kuna nyumba kule juu maji yaliikataa miaka miwili. Nikaenda, nikalipiga bomba makofi mawili, nikalitajia jina langu, maji yakaruka mpaka darini, paka akaloa. Anayebisha akamuulize paka. Na kila nikijisifu nilikuwaga namalizia hivi: "Mie mjukuu wa Kondo aliyemshika chui mkia!"

Huyo chui ulinipa wewe. Kila mwezi wa Shaabani, mfungo ukikaribia, ulinishika mkono tukaenda Pugu kufyeka makaburi. Kwetu mwenye jina humsafishia mwenye jina. Ukanisimamisha kwenye kaburi lenye bakuli la maua ya buluu kichwani, ukasema, "Huyu ndiye babu yako. Safisha." Nikawa nang'oa majani, na wewe umechuchumaa pembeni unanihadithia jinsi chui alivyoingia zizini na Kondo akamshika mkia hakuachia mpaka watu wakaja. Ile ya chui kuomba maji ya kunywa niliiongeza mwenyewe nilipokuwa mkubwa. Uliisikia, ukacheka, hukunikataza.

Hatua tatu kutoka pale palikuwa na kaburi jingine, limedidimia, halina bakuli wala jiwe la maana. Nilikuuliza mara moja tu ni la nani.

"La mpita njia," ukasema. "Njoo huku."

Basi Mwanaidi mwaka huu kajitia kuandika ukoo wetu, kwa sababu Jumapili ijayo tuna mkutano wa familia nyumbani kwao Goba. Karatasi kubwa kama shuka. Akafika kwenye majina akakwama. Si unajua sie, mtoto wa kwanza wa kiume lazima achukue jina la babu yake mzaa baba. Kwa hiyo ni Kondo kamzaa Shomari, Shomari kamzaa Kondo, hivyo hivyo kama ngazi. Akanipigia.

"Mjomba, huyu babu yako wa chui, wazee wote wanasema alimshika kabla Wajerumani hawajafika. Sasa alimzaa babu Shomari akiwa na miaka mingapi? Mia na ishirini?"

"Wanaume wa zamani walikuwa wagumu."

"Wagumu kiasi hicho, mjomba?"

"Uji wa mtama, mwanangu! Nyie mnakula chipsi."

Akacheka, lakini hakufuta swali lake. Mwalimu ni mwalimu. Akanibeba mpaka Segerea kwa shangazi Mwanahawa, mdogo wako, maana ndiye pekee aliyebaki wa tumbo lenu. Tukamkuta kibarazani anachambua mchicha. Mwanaidi akamtandikia ile karatasi miguuni. Shangazi kusoma hajui, kwa hiyo akamsomea majina moja moja kwa kidole.

"Hapa mmeruka watu wawili," akasema.

"Kina nani, bibi?"

"Kondo walikuwa wawili, mjukuu wangu. Wa chui ni babu yake baba yetu. Baba yetu sisi ni Kondo wa pili." Akanitazama mimi. "Babu yako wewe."

Nikamwambia shangazi acha utani, mie kaburi la babu yangu nalisafisha tangu sijaota ndevu. Akasema, "Unasafisha la babu wa babu yako. La babu yako lile lililodidimia."

La mpita njia, baba.

Akayasema yote huku mikono yake inachambua mboga. Baba yenu alikwenda Rufiji kukata mikoko, akaaga kwamba mvua za vuli zikianza atakuwa amerudi. Wewe ulikuwa na miaka minane, shangazi ananyonya. Kila vuli ikinyesha unakwenda kukaa njiani. Akaja kurudi wewe una ndevu, mama yangu ana mimba yangu. Alirudi na kikohozi na fimbo. Ukamfungia mlango, akalala jikoni kwa jirani, akafia humo. "Siku ya maziko," shangazi akasema, "baba yako alipanda juu ya paa akawa anaezeka makuti. Jeneza likapita chini yake, hakugeuza shingo."

Kisha nikazaliwa mie. Wazee wakakwambia jina halikwepeki, mtoto ni Kondo. Ukasema sawa, ila Kondo wa chui. Ukaapisha nyumba nzima wasiniambie.

Hapo ndipo nikaelewa jambo la shangazi. Wanawake wote huwaita "baba" watoto wa kaka zao waliochukua jina la baba yao. Mimi shangazi hakuniita hivyo hata siku moja. Nilidhani ananidharau kwa sababu sikusoma. Kumbe ulimkataza.

Baba, mie muongo wa kutupwa, nakiri. Lakini uongo wangu naupaka rangi, kila mtu anauona, anacheka, anakwenda zake. Wako uliuficha kwenye jina langu.

Na ulinigharimu. Unakumbuka ile safari ya Maskati? Mafundi wenzangu wanne walikuwa wameshaondoka. Pasipoti yangu ilikuwa mkononi, imenyooka kama noti mpya. Nilikuja kukuaga, mkono wako wa kulia ulikuwa umeanza kulegea. Hukunikataza. Ulinitazama tu, ukasema, "Nenda, mwanangu. Ila Kondo hakimbii."

Sikwenda. Pasipoti ikaoza chini ya godoro. Miaka kumi na moja ya kiharusi chako nilikuogesha mimi, nikakukata kucha, nikakulisha ndizi za kupondwa, na ukikataa kula nakusimulia habari za chui mpaka ufungue mdomo. Nilibaki kwa sababu ya mtu wa chui. Nilisema, babu hakuachia mkia, mie nitamwachiaje baba?

Asubuhi zote zile, kichwa chako kikiwa kifuani kwangu na sabuni masikioni, hukupata neno moja la kuniambia? Ungesema, "Kondo, babu yako alinikimbia, naogopa na wewe utakimbia." Ningebaki, baba. Wallahi ningebaki, tena bila chui. Lakini ningebaki kwa kutaka mwenyewe. Ulininyima hilo.

Shaabani hii nilipanda Pugu peke yangu. Kaburi la bakuli nimelipita. Nimeanza na lile lililodidimia. Mizizi ilikuwa imekamata kama mabomba ya zamani, nimeshinda hapo kutwa nzima, nimejaza udongo, nimeweka bakuli. Kisha nikaenda kwa Kondo wa chui. Lako nimelifikia mwisho, jua linazama. Nimelifyeka, usiseme sikulifyeka. Ila sikuchuchumaa kukuhadithia kitu.

Jumapili nitasimama mbele ya ukoo. Wanasubiri chui, nitawapa chui, na maji ataomba. Halafu nitawaonyesha kwenye karatasi ya Mwanaidi mahali anapokaa Kondo wa chui, juu kabisa, na mahali anapokaa babu yangu. Kwenye mstari wa babu huyo Mwanaidi aliniuliza aandike nini. Nimemwambia aandike: alikwenda Rufiji, akarudi, hakufunguliwa.

Tulipoondoka Segerea shangazi alinisindikiza mpaka kwenye ngazi. Akanishika mkono, mkono wake bado una udongo wa mchicha, akasema, "Haya, baba. Nenda salama."

Nina nywele nyeupe, na ndiyo mara yangu ya kwanza kuitwa hivyo.

Kondo hakimbii, ulisema. Kwa yule uliyemngoja njiani haikuwa kweli. Ilikuja kuwa kweli kwangu, na ulipoona ni kweli bado hukuniambia.

Lala, baba. Mwakani nitakuja tena, na nitaanza kwa yule yule.

Mwanao,
Kondo, mjukuu wa mpita njia