Maneno ya Roda Garini

Kakamega,
14 Agosti 1994

Dada yangu Nanjala,

Natumaini hamjambo huko Nakuru. Sisi tu wazima, na mahindi yamekomaa vizuri.

Jumamosi tulikutana sisi wazee wenye magari ya zamani. Desturi yetu ni kila mmoja asimame kando ya gari lake, ataje kaulimbiu yake na asimulie kisa cha ujana. Mimi nilitaja maneno ambayo mke wangu Roda, aliyekuwa kando yangu, huniambia kila ninaposhika usukani: "Washa, mpenzi, barabara ni yetu."

Mwenzetu Wanzala alicheka. "Shemeji Roda, kumbe bado unayakumbuka! Si hayo niliyoyaandika kwenye gari langu la Pijo, mimi nawe tukienda msituni Buyangu, kabla huyu mzee hajajua hata kupiga honi?"

Wote waliangua kicheko. Roda pia alicheka, akitazama chini.

Wewe ndiwe uliyekuwa rafiki wa Roda siku zile. Niambie ukweli: alikuwa akimpenda Wanzala?

Leo asubuhi niliketi garini, ufunguo mkononi, nikamsubiri Roda aseme maneno yake. Alisimama mlangoni, akanyamaza. Gari bado liko uani.

Ni mimi kaka yako, ninayengoja jibu,
Andati