Kinyama cha Saba

Nyumba ya Ngazi za Chuma,
Nyuma ya Karakana ya Seremala.
Tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Pokea salamu zangu kabla ya jambo lolote. Goti lako linaendeleaje? Wifi yangu bado anasumbuliwa na pumu? Mimi nakula, nalala, natembea hadi dukani na kurudi; lakini sitakudanganya kwamba mimi ni mzima, maana hilo ndilo lililonikalisha mezani. Najua tabia yako ya kurukia mwisho wa barua. Leo soma kila mstari.

Yalianza kwa mzaha. Unavijua vile vinyama vilivyoniota shingoni tangu nilipoanza kunenepa. Siku moja mke wa mwanangu alikuwa akinisuka, akasema, "Mama, shingo yako imezaa zabibu." Nikamwambia asichume, hazijaiva. Tukacheka. Lakini wiki ile ile nikamsikia jikoni akimnong'oneza mumewe kwamba mtoto wao mdogo anaogopa kukumbatiwa nami. Hapo sikucheka. Nilisimama mbele ya kioo nikahesabu sita shingoni. Cha saba kilikuwa mgongoni, chini kidogo ya bega, mahali nisipoweza kuona bila kioo cha pili.

Niruhusu nikueleze kidogo, maana ualimu haustaafu. Kinyama cha kawaida ni laini, kina rangi ya ngozi yenyewe, na kinaning'inia kwa kikonyo chembamba. Huota penye msuguano, kama shingoni na kwapani. Hakina madhara, kinachukiza macho tu. Kile cha mgongoni hakikuwa na kikonyo. Kilikuwa cheusi tii, kimekaa kama kifungo cha shati, na tangu mwaka jana kilikuwa kimeongezeka na kuanza kuwasha. Tofauti hiyo niliijua. Ndiyo inayonitafuna.

Kwenye zahanati ya mtaani nilikuta benchi zimejaa. Tabibu akachungulia mlangoni, akaniona, akapaza sauti: "Jamani, huyu ndiye aliyenifundisha sayansi! Mwalimu, pita." Mama mmoja aliyempakata mtoto mwenye homa akasonya. "Na sisi tuliofundishwa na wengine tufie hapa?" Watu wakaguna. Nilijifanya sikusikia, nikapita, na kusema kweli nilivimba kichwa.

Alinichoma sindano ya ganzi, akakata kwa mkasi mdogo, kisha akaunguza kila kidonda kwa kichuma cha umeme mpaka chumba kikanuka nywele zilizoungua. Alipofika mgongoni nikamwambia, "Hiki kiangalie vizuri, mwanangu. Hakifanani na wenzake." Akajibu huku akikata, "Mwalimu, hivi vyote ni ukoo mmoja." Kikaangukia ndooni pamoja na vingine.

Swali nilikuwa nalo mdomoni: mbona hukitii chupani kipelekwe maabara? Miaka thelathini na mmoja nimewaambia watoto, yeye akiwemo, kwamba kitu usichokijua hakitupwi kabla ya kuchunguzwa. Nikalimeza. Nilikuwa nimeruka foleni kwa jina la heshima. Ningemsutaje kijana aliyenipa heshima hiyo, na wale wa nje wanasikia? Nikamshukuru. Naam, nilimshukuru.

Shingo ilipona kwa siku tano. Mgongo ulikataa. Baada ya miezi miwili nikaenda hospitali kubwa. Daktari, mwanamke wa makamo, akagusa kidonda, akagusa kwapa. Kisha akauliza, "Nyama iliyokatwa iko wapi, mama?"

Nikarudi zahanati. Taka zao huchomwa kila Ijumaa. Tabibu akanifungulia daftari, nikasoma mwandiko ule ule niliousahihisha zamani: "Vinyama 7 vimetolewa. Mgonjwa ameridhika." Hakuinua macho. "Nisamehe, Mwalimu. Siku ile watu walikuwa wengi." Nikamwambia ni kweli walikuwa wengi, na mimi sikuwa wa kwanza kati yao. Msamaha wake sijautoa. Labda nitautoa, si mwezi huu.

Hospitali wamekata upya, kipande kikubwa, na safari hii kimepimwa. Majibu yalikuja Jumanne. Ni saratani ya ngozi, nayo imeshafika kwenye tezi za kwapani. Matibabu yanaanza wiki ijayo. Daktari hakuahidi kitu, nami sikumbembeleza aahidi. Mdharau mwiba mguu huota tende, na tulioudharau tulikuwa wawili, mmoja akijua.

Mkwe wangu ndiye anayenisafisha kidonda kila asubuhi. Tangu majibu yatoke hajanitania hata mara moja. Huo ukimya wake unaniuma kuliko dawa.

Sasa tuje kwako. Daktari aliniuliza kama nina ndugu wa damu mwenye doa la namna ile. Ulipokuja kumzika mama, ulivua shati ukapanda kuziba bati lililokuwa likivuja, nikaliona moja nyuma ya kiuno chako, jeusi, limeinuka. Nilipokuuliza ulisema ni alama ya kuzaliwa. Si kweli, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikikuogesha. Halikuwapo.

Nenda wiki hii. Kaa foleni kama watu wote. Wakilikata, usitoke chumbani mpaka uone kipande kimetiwa chupani na jina lako limeandikwa juu yake. Wakikuona msumbufu, basi wasumbue.

Msalimie wifi yangu na wale mapacha. Mwanangu na mkewe wanawasalimu nyote. Mungu akutazame pale usipoweza kujitazama mwenyewe.

Ni mimi akupendaye, na ningali na hasira,

Dada yako mkubwa.