Kaseti ya Tatu ya Papa Sikuli

Nairobi, 12 Juni 1998

Papa mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, kile kikohozi kimeniacha. Na mguu wako je?

Redio ninakofanya kazi inataka kupiga nyimbo zako, kaseti moja kwa kila mwezi, siku za Jumapili. Inasikika mpaka huko Goma. Mkubwa wetu hajakusikia hata siku moja, ananiuliza: asiyemjua huyu muzee aanze na kaseti gani? Ninazo zote tatu. Jibu umpe Idriss dereva, kama kawaida.

Mutoto wako,
Fabiola

Goma, Katindo, 20 Julai 1998

Fabiola mwanangu,

Barua imenikuta na afya, ila mguu, na huo tumeshazoeana. Lori la Idriss lilimharibikia Uganda, ndiyo maana nimekawia.

Kwa hiyo mkubwa wako hanijui. Miaka thelathini ninapiga gitaa. Haya, aanze na ya kwanza. Niliirekodi jikoni na kuku wa jirani wanasikika, lakini siku hizo nilikuwa na sauti. Ya pili ni ya arusi, aipige akitaka.

Ya tatu usiitoe sandukuni. Unajua kawaida yetu waimbaji, wimbo ukielekea mwisho tunataja majina ya waliotutendea wema. Mwaka jana nilidhani vita imekwisha, nikamtaja Namegabe wa Lac Vert, nikamshukuru kwa kumficha Ntirenganya, mkimbizi aliyekuwa akinipigia gitaa la pili, siku wanajeshi walipovunja kambi za wakimbizi. Mpaka leo yuko kwake, nyuma ya shamba la maharagwe. Na wanajeshi wanaokaa hapa jirani wameanza kuulizauliza nani alificha wakimbizi.

Papa yako

Nairobi, 10 Agosti 1998

Papa,

Tumesikia vita imeanza tena. Uko mzima?

Barua yako imefika leo. Papa, nimekosa. Nilingoja mpaka mwisho wa Julai, mkubwa akachoka, nikachagua mwenyewe. Nilimpa ya tatu kwa sababu ndiyo safi, haina kuku. Imepigwa Jumapili mbili, pamoja na majina yote. Nimeizuia leo. Mwambie Namegabe ahame. Naogopa sana.

Mutoto wako,
Fabiola

Goma, 19 Agosti 1998

Fabiola mwanangu,

Nakusalimia, na chakula naendelea kula. Usijilaumu, aliyetaja majina ni mimi.

Jana mchana walikuja wanajeshi watatu, kwa heshima zote. Mkubwa wao akakaa kwenye kiti changu.

"Muzee, tunapendaka miziki yako. Huyu Namegabe ni mutu gani?"

"Ni miye," nikamjibu. "Ni jina yangu ya muziki. Najisifu mwenyewe."

"Na ule mukimbizi?"

"Alishaendaka zamani."

Hakucheka. Akasema wanasikiliza redio yenu, watachunguza, watarudi.

Kule Lac Vert majirani humwita Namegabe Papa Aubin, kwa jina la mtoto wake, hivyo wanaojua lile jingine ni wachache. Lakini mke wake amejifungua juzi, hawawezi kutembea mbali. Wanahitaji wiki mbili. Idriss anaondoka leo na barua hii. Jumapili ya tarehe 30 mwambie mtangazaji aseme hivi: Papa Sikuli, ndiye Namegabe. Usibishane nami, mwanangu. Mimi na mguu huu ningekimbilia wapi?

Papa yako,
Namegabe

Nairobi, 6 Desemba 1998

Papa mpendwa,

Hujambo? Hii ni barua ya nne tangu Agosti. Idriss anasema nyumba ya Katindo ina kufuli jipya, na majirani hawataki kuongea naye.

Nilifanya ulivyoagiza. Mtangazaji alisema mara mbili: Papa Sikuli, ndiye Namegabe. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa studio. Ningeweza kumzuia, sikumzuia, na hilo nalibeba kila siku.

Mke wa Namegabe ameniandikia kutoka Uganda. Wamefika wote, na kitoto, na Ntirenganya. Anauliza habari zako. Sijamjibu.

Wasikilizaji wanataka kujua waanze na kaseti gani. Mkubwa anawaambia ya tatu. Mimi Jumapili hii nimepiga ya kwanza, kama ulivyotaka tangu mwanzo, na kuku wamesikika vizuri.

Nijibu hata mstari mmoja. Weka sahihi ya jina lolote unalotaka, mwandiko wako naujua.

Mutoto wako,
Fabiola